Usiku Mmoja na Wachunga Ngamia wa Marsabit

Ndugu msomaji, huenda ngamia umemwona Mombasa tu, akiwatembeza watalii ufukoni. Ukimtazama macho yake na mwendo wake wa polepole, wadhani ni mnyama asiyejali kitu. Basi leo twende pamoja hadi kaskazini ya Kenya, nawe utaona kwamba mnyama huyu mkubwa, awezaye kukaa siku nyingi bila kunywa maji, yuko mdudu mdogo anayemshinda.

Safari yetu yaanzia Isiolo. Zamani njia hii ilikuwa ya mawe na vumbi, na lori liliweza kuharibika ukalala porini. Sasa ni lami mpaka Marsabit, mwendo wa kilomita 260 hivi. Utavuka mto Ewaso Ng'iro pale Archer's Post, upite Laisamis na Logologo, na mwisho utauona mlima wa Marsabit mbele yako, umevaa msitu na ukungu. Asubuhi huko juu wahitaji koti. Lakini ukiteremka upande wa pili, kuelekea Maikona na Kalacha, baridi yakwisha mara moja. Utaona mawe meusi yaliyotapikwa na volkano za kale, kisha uwanda mweupe wa Chalbi, uliokuwa ziwa zamani sana na sasa ni udongo wa chumvi. Hapo upepo ni mkali mno.

Nchi hii ni ya Wagabra, nao majirani zao Warendille wako upande wa kusini. Wote ni watu wa ngamia. Hapana shaka utajiuliza kama nilivyojiuliza mimi: kule mlimani kuna majani, maji na kivuli, mbona watu hawa wawapeleke ngamia wao juu ya mawe, mahali pa jua na upepo? Sababu ziko nyingi, na mojawapo ni kwamba ngamia ahitaji malisho yenye chumvi. Lakini sababu nyingine niliijua jioni moja, chini ya mlima, mvua za Aprili zilipokuwa zimekwisha kunyesha.

Mzee mmoja alinipokea bomani kwake. Alinisalimu kwa kuuliza amani, akauliza watoto, na mimi nikamwuliza habari za ngamia, kama ilivyo adabu ya huko. Hakujibu upesi. Alinipeleka kwa jike mmoja aliyesimama peke yake. Nundu yake ilikuwa imepungua, machozi yalimtoka, na ndama wake alinyonya akaacha, kwa kuwa maziwa yalikuwa machache. Jike yule alipokojoa, mzee aliinama, akachota mchanga uliolowa, akaunusa. Kisha akamwita mwanawe.

"Huyu amekwisha patwa," akasema. "Usiku huu tunahama."

Msomaji, usicheke. Wachunga ngamia wa kaskazini huutambua ugonjwa huu kwa harufu ya mkojo, na madaktari wa mifugo wanaijua desturi hiyo. Ugonjwa wenyewe huitwa surra. Ni ndugu wa nagana ya ng'ombe na malale ya watu. Kijidudu chake, kisichoonekana kwa macho matupu, huishi katika damu. Kiligunduliwa mwaka 1880 na daktari wa mifugo Griffith Evans, katika nchi ya India ya wakati ule, ndani ya damu ya farasi na ngamia.

Nagana huletwa na mbung'o, na kijidudu chake hukua kwanza ndani ya mbung'o. Surra haihitaji hayo. Pange, yule nzi mkubwa aumaye sana, humkata ngamia ngozi na kunywa damu. Ngamia akitikisa mkia au mguu, pange hukatizwa chakula chake, akarukia ngamia wa pili na mdomo ungali umelowa damu. Basi ugonjwa umekwisha hama. Nzi wadogo waumao, wakaao penye mazizi, nao hufanya vivyo hivyo. Ngamia aliyepatwa hupata homa zinazokuja na kwenda, hukonda, na jike mwenye mimba huitoa. Wengine hufa baada ya miezi mingi.

Fikiri hasara yake. Jike hubeba mimba karibu miezi 13, na kwa kawaida huzaa mara moja tu katika miaka miwili. Wakati wa kiangazi, ng'ombe wakiwa wamekauka, maziwa ya ngamia ndiyo chakula cha watoto.

Kijana yule alimwambia babake, "Baba, mama ametoka kisimani leo tu. Tukienda uwandani, maji yatakuwa mbali. Tusingoje kukuche?"

"Mwanangu," mzee akajibu, "maji tutayafuata kwa miguu, na taabu ya mama yako naijua. Lakini pange huuma mchana. Sisi na tutembee wakati yeye amelala."

Ndiyo shida yao yote. Karibu na maji na vichaka pana nzi. Mahali penye upepo hapana nzi wengi, lakini hapana maji pia. Mzigo wa uchaguzi huo huwaangukia sana akina mama, kwa maana wao ndio wanaokwenda na ngamia wa mizigo kuteka maji.

Kabla ya kuondoka waliwasha moto wa samadi na kuni mbichi, moshi mzito ukawafunika wanyama. Kijana aliwapapasa ndama kwa mkono, akiwatoa kupe. Mwezi ulipopanda, kundi likashika njia. Yule jike mgonjwa alifungwa mbali na wenzake, angoje daktari wa mifugo.

Nawaandikia haya kwa sababu siku hizi ngamia si wa Marsabit peke yake. Baada ya ukame mwingi, wafugaji wa ng'ombe huko Samburu, Laikipia na hata Kajiado wameanza kununua ngamia. Kama wewe ni mmoja wao, shika mambo haya. Usijenge zizi la ngamia kando ya mto wala kwenye kichaka. Wapeleke kunywa wakati pange hawajatoka, kisha uwaondoe upesi. Zoa samadi. Washa moshi. Mtenge mgonjwa mapema.

Upo pia mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, pamoja na chandarua, unaonasa mbung'o, pange na nzi waumao. Ulibuniwa Kenya, na duniani kote wataalamu huuita kwa neno letu la Kiswahili: mtego wa "Nzi".

Juu ya dawa, angalia sana. Diminazini, ambayo wengi huwadunga ng'ombe wao, ngamia haistahimili vizuri, nayo yaweza kumdhuru. Dawa yake ni nyingine, kama vile kwinapiramini, na kipimo chake ni kwa uzito wa mnyama. Ukipunguza kipimo ili kuokoa shilingi chache, vijidudu huizoea dawa, na hasara huwafikia majirani wako pia. Mwulize daktari wa mifugo kwanza.

Kulipopambazuka tulikuwa uwandani. Upepo ulivuma, na ngamia walisimama wametulia. Hakuna aliyepiga mguu wala kutikisa mkia. Mama wa nyumba alikuwa amekwisha anza kuwapakia ngamia wake wawili vyombo vya maji. Niliuliza kisima kiko mbali gani.

"Nitarudi jioni," akasema, akakaza kamba.