Baba yako asitie saini

Columbus, Ohio

Mwanangu Salim,

Nimesikia baba yako hataki habari ya kudai fidia ya maradhi yake. Eti kampuni ya reli ilimlisha miaka yote ile, leo aishtaki? Mwambie dada yake anasema kudai haki si kukosa shukrani.

Hapa Marekani mfanyakazi wa reli hapati fidia ya kawaida ya majimbo, ile inayolipwa bila kuuliza nani mkosa. Wao wana sheria yao tangu 1908, FELA, na lazima waonyeshe uzembe wa kampuni. Usiogope. Katika kesi ya Rogers, mwaka 1957, Mahakama ya Juu ilisema yatosha uzembe huo uwe umechangia madhara, hata kwa sehemu ndogo kabisa. Kwa hiyo sigara za baba yako za ujanani (nazikumbuka kuliko mama yako!) hazimfungii mlango. Zaweza kupunguza malipo tu.

Keti naye umuulize kazi kwa kazi. Karakanani, vichwa vya treni viliachwa vikinguruma milango imefungwa? Alishika mataruma yenye kreosoti bila glavu? Alibandua asbesto kwenye mabomba? Moshi wa dizeli ulitangazwa kuwa chanzo cha saratani ya mapafu mwaka 2012, na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lakini wakili atataka kujua baba yako mwenyewe aliuvuta wapi na kwa muda gani. Andika na majina ya wenzake. Ushahidi mwingi umo vichwani mwa wazee hao, nao wanapukutika.

Muda wa kufungua kesi ni miaka 3. Kwa maradhi yanayojificha hauhesabiwi tangu siku aliyostaafu, bali tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba anaumwa na huenda kazi ndiyo sababu. Daktari alimwambia mwaka jana. Siku zinakwenda.

Halafu ile karatasi aliyosaini alipolipwa kwa ajili ya bega lake lililoumia, itafute. Kampuni huzitoa karatasi za namna hiyo baadaye, zikidai mtu alishasamehe hata maradhi yajayo. Kama kuna nyingine mpya, asiiguse kalamu kabla wakili hajaisoma.

Chama cha wafanyakazi wa reli kina mawakili wanaozijua kesi hizi. Wapigie wiki hii, usimsubiri akubali.

Shangazi yako