Pikapu mpya Majengo, na mtoto nyuma ya tairi

Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100. Kitabu kinachokuja na pikapu mpya ya dizeli kinasema injini izoeshwe taratibu kwa kilomita 1,000 za kwanza. Kwa hesabu ya haraka, gari likitoka dukani Dar, likiingia mtaa wa Majengo linakuwa limeshakomaa. Hivyo ndivyo kijana wa miaka 23 alivyomwambia baba yake wakiwa bado Morogoro. Baba akamjibu, “Litakomaa kama tutaliendesha inavyotakiwa.”

Baba huyo ni mfanyabiashara wa mahindi na maharage. Kwa karibu miaka 20 ameendesha magari yaliyochoshwa na wengine, na hili ndilo la kwanza ambalo kiti chake alikivua nailoni yeye mwenyewe. Limenunuliwa kwa akiba ya misimu mitano na mkopo ambao mama aliuchukua kwa jina lake, nyumba ikiwa dhamana. Injini ikifa kabla ya deni kuisha, familia inaweza kukosa gari na nyumba pia. Ndiyo maana kitabu kile kilisomwa kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kama barua kutoka kwa mkwe.

Toyota, kwa mfano, huelekeza hivi: kwa kilomita 300 za kwanza epuka kufunga breki za ghafla, kwa kilomita 800 usivute tela, na hadi zifike 1,000 usikimbize kupita kiasi, usikanyage mafuta kwa pupa, usikae muda mrefu kwenye gia ndogo, wala usiende kwa mwendo ule ule kwa muda mrefu. Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Lami ndefu iliyonyooka, ambayo dereva hudhani ni raha ya injini, ndiyo inayotakiwa kuangaliwa. Ringi za pistoni na kuta za silinda zikiwa mpya bado hazijakaana sawasawa, na ili zikaane zinahitaji mwendo unaopanda na kushuka.

Basi walitumia siku tatu njiani. Spidi 60 kwa muda, 80 kwa muda, kisha 70. Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, walikwenda polepole kwa ajili ya injini na kwa ajili ya wanyama. Kitonga waliupanda bila mzigo wowote. Kuanzia Makambako hadi Mbeya kijana alishika usukani, baba pembeni akitamka neno moja tu: “Gia.” Mama, ambaye hakusafiri, alikuwa akipigiwa simu kila jioni aandike kwenye daftari kilomita, lita za mafuta na kiasi cha oili.

Sumbawanga, jina ambalo kwa Kifipa maana yake ni “tupa uchawi”, haikosi washauri gari jipya linapoingia. Jirani mmoja alitaka lizindikwe. Mwingine alileta mchungaji. Ushauri uliokuwa na faida ulitoka kwa fundi wa mtaani, aliyesema dizeli haipendi kubembelezwa kupita kiasi. Ringi zake hukaa vizuri zikipata kazi ya wastani. Gari likiachwa linaunguruma limesimama kwa muda mrefu, kuta za silinda huweza kung’aa kama kioo na injini ikaanza kula oili. Fundi yule alikuwa sahihi, ila baba hakumsikiliza.

Ilikuwa mwezi wa sita, na anayeijua Ufipa anaijua baridi ya mwezi huo. Kila siku saa 12 asubuhi baba aliwasha gari uani akaliacha lipate joto kwa dakika 20. Bomba la moshi lilielekea dirisha la chumba anacholala binti yake na mtoto wa miaka miwili na nusu. Mtoto akaanza kukohoa. Mama alidhani ni baridi, akamwongezea sweta, mpaka alipoona kikohozi kinaanza na gari na kupungua gari likiondoka.

Moshi wa dizeli si wa kuchezea. Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliuweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hilo ni kwa wanaouvuta kwa wingi na kwa muda mrefu, mzazi asikeshe kwa hofu ya asubuhi moja. Lakini chembe zake ndogo huwasha njia za hewa, na mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo huvuta hewa nyingi zaidi ukilinganisha na uzito wake. Kwa pumu ni balaa. Na dakika 20 zile hazikuwa na kazi: zungusha ufunguo, subiri taa ndogo ya kupasha joto izime kwenye dashibodi, washa, ngoja dakika moja hivi, ondoka polepole. Injini hupata moto haraka zaidi ikitembea kuliko ikisimama.

Mama alisema hayo mara mbili. Baba alijibu kwamba gari ni lake kulitunza.

Siku ya tukio, daftari linaonyesha kilomita 1,184. Gari linaunguruma uani, baba ameingia ndani kuchukua koti. Akamwambia kijana atoe gari getini. Kijana akapanda, akatia rivasi. Mama alikuwa mlango wa jikoni na kikombe cha uji, akimtafuta mwenye uji. Akaona kandambili moja ndogo, nyekundu, karibu na tairi la nyuma. Hakuita jina. Alipiga ukelele ambao jirani wa nyumba ya tatu aliusikia.

Breki zilishika. Mtoto alikuwa amechuchumaa upande ule, ameegemea mahali penye joto. Asubuhi ya baridi watoto hufuata joto kama paka. Ametoka chumbani lini, hakuna aliyejua. Kila mtu mzima pale nyumbani alidhani yuko na mwingine.

Dereva wa pikapu haoni mtoto aliyechuchumaa nyuma ya bodi, hata akigeuza shingo. Kamera husaidia, lakini haioni kila pembe. WHO inaeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na mzazi akisikia hivyo huwaza lami na malori ya Tunduma, si ua wake mwenyewe.

Kijana hakugusa usukani kwa siku nne. Baba hakumgombeza, na hilo ndilo jambo bora alilofanya katika mkasa wote. Jioni ile alimwambia mkewe mbele ya watoto, “Mama, ulisema mara mbili.” Siku ya tano akamtupia kijana ufunguo, wakapakia magunia manne, wakaenda Matai.

Sasa gari linalala nje ya dirisha lile, kichwa kikielekea getini, ili asubuhi litoke mbele. Haliwashwi mpaka mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina awe amemshika mtoto mkono. Anayeendesha hulizunguka kwanza kwa miguu. Ufunguo unaning’inia kwenye msumari juu ya mlango. Kikohozi kilipungua ndani ya wiki mbili. Hata hivyo mama alimpeleka mtoto kituo cha afya akapimwe, jambo ambalo lingepaswa kufanyika siku ya tatu.

Mtihani mwingine ulikuja na msiba wa Laela. Ndugu kumi na mmoja walifika asubuhi wakitarajia kupanda nyuma, kwa sababu pikapu ya ndugu ni ya ndugu. Baba akakataa. Alisema atabeba kuni, unga na sufuria, na wawili watakaokaa ndani wafunge mikanda. Shangazi mmoja akauliza kama utajiri umeshaingia kichwani. Hakubishana naye. Alitoa pesa mfukoni, akawalipia wote tisa waliobaki nauli ya basi kwenda na kurudi, na mama akaiandika kwenye daftari, ukurasa wa mafuta.