GEMU BAYA MAKUSUDI: Dogo wa Mwamapalala aliyegoma kumpa bosi sura

Kuna magemu yanayokuwa mabaya kwa sababu mtengenezaji hana hela, na kuna yanayokuwa mabaya kwa sababu ameamua. La dogo mmoja wa Mwamapalala, kule Itilima mkoani Simiyu (jina kapuni), lilianza hivyo la kwanza likaishia la pili.

Ni gemu la kurukaruka, ukoo ule ule uliobamba dunia tangu Super Mario Bros. itoke mwaka 1985. Ila humu hakuna fundi bomba mwenye masharubu. Shujaa ni ndoo. Ndiyo, ndoo ya lita 20 yenye miguu ya kuku, mmoja mrefu kuliko mwingine. Jua lina meno. Rangi zinaumiza macho kinoma. Ndoo ikiruka inasema "puu!", na hiyo ni sauti ya dogo mwenyewe, kajirekodi kwa simu.

Ndoo inatafuta maji kwenye kijiji kinachoitwa Kesho. Ukikifikia kisima, kinaota magurudumu na kuhamia steji inayofuata. Ukipandisha magunia matatu ya pamba kwenye mizani, inasoma moja. Ukiokota tisheti ya kampeni unapewa ahadi tano, na ahadi zenyewe nzito hatari: huruki tena mpaka uzimwage zote. Ukifa, gemu halikwambii umekufa. Linaandika tu: "Mchakato unaendelea."

Wazo la kumtesa mchezaji halikuanzia Simiyu. Mwaka 2007 Wajapani walipata Syobon Action, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Cat Mario. Paka mweupe kachorwa kizembe, wingu linaua, tofali ulilolizoea linakugeuka, na idadi ya maisha inashuka mpaka chini ya sifuri. Mario anakufundisha kwamba ukijitahidi utafika. Cat Mario anakucheka kwa kuamini hivyo. Mtu aliyewahi kuzungushwa ofisi tatu kwa ajili ya mhuri mmoja analijua gemu hilo hata kama hajawahi kulishika.

Dogo alilicheza kwenye simu iliyopasuka kioo. Baadaye akajifunza kutengeneza la kwake kwa Godot, programu ya bure inayokubali kwenda hata kwenye laptopu iliyochoka.

Na ule ubaya? Huo ni wa nyumbani kabisa. Usukumani, Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma tangu enzi za mababu: makundi mawili, uwanja mmoja, muda mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Ili kuvuta watu wanaimba mafumbo, wanakebehiana, wanatoa nyoka, wanatoa hata vinyago vya mbao vya kuchekesha. Hakuna anayeuliza kama kinyago kina sura nzuri. Swali ni kama watu wamehama kule wakaja huku.

Sasa ngoma ikanoga hapa. Mshikaji mmoja wa Bariadi mjini, mtu wa kuedit video, aliliona gemu akacheka mpaka akakaa chini. Akatoa ushauri: bosi wa mwisho apewe sura ya mkubwa fulani, picha zipo kibao mtandaoni. "Bila sura ya mtu, mwanangu, hiki kitu hakiendi viral."

Alikuwa na pointi. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na vijana hawajasahau. Oktoba 2019 mchekeshaji mmoja maarufu aliitwa polisi baada ya kubadilishana sura na rais kwenye picha. Mei 2020 akashikiliwa tena, safari hii baada ya kusambaa video akiicheka picha ya zamani ya rais. Kucheka tu.

Kuna jambo jingine lililomkaba dogo zaidi ya sheria. Ile laptopu ilinunuliwa na kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi, kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara wa serikali kila mwezi. Kaka alilicheza gemu lote kimya, akafa mara nyingi sana, akaiweka laptopu pembeni.

"Dogo, siku ukiitwa wewe, nitakayeulizwa ni mimi."

"Sijamtaja mtu, kaka."

"Basi usimtaje. Ila kisima usikitoe."

Hicho ndicho wengi wetu tusingekitarajia. Kaka mwenye kila sababu ya kusema "futa kila kitu" alisema futa sura, acha ukweli. Dogo akakaa nalo siku kadhaa, kisha bosi akageuka kuwa kibao cha mradi. Kibao kirefu kama mnara, maandishi yamefutika yote isipokuwa neno UZINDUZI, na kinarusha mikasi ya kukatia utepe. Hakipigwi kikafa. Unatakiwa usimame mbele yake na kusubiri, huku unakwepa mikasi, mpaka kichoke chenyewe. Kikianguka, ndoo inapata tone moja la maji.

Gemu likatoka simu hadi simu, kwa Xender na WhatsApp, bila jina la mtengenezaji. Siku moja likamfikia mheshimiwa mmoja, naye jina kapuni. Akacheza, akacheka kwa sauti, akafika kwa bosi, akanyamaza. Kisha akauliza walio karibu: "Hiki kibao ni kile cha kwetu?"

Hakuna aliyekuwa amesema hivyo.

Mshikaji wa Bariadi bado anasisitiza kwamba sura ingeleta watazamaji milioni. Inawezekana. Ila sura moja ingemfanya kila mkubwa mwingine apumue: "Kumbe si mimi." Kibao hakimpi mtu nafasi hiyo. Wewe ungeweka sura, au ungeacha kila mtu ajitambue mwenyewe?