Mashindano Yasiyomsubiri Mgeni Rasmi

Ndugu msomaji, wengi wenu mmezoea kukuta hapa mijadala ya katiba, bajeti na uwajibikaji. Leo naomba mnivumilie nizungumzie kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Naamini tutakapofika mwisho mtaona kwamba hatukwenda mbali sana na mada zetu za kila siku.

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa likizoni Bariadi nyumbani kwa mama yangu, nilitembelewa na vijana sita. Wawili walikuwa walimu wa sekondari, mmoja tabibu, mmoja fundi baiskeli, na wawili walikuwa wahitimu wa vyuo waliokuwa bado wakitafuta ajira. Walitaka kuanzisha mfululizo wa mashindano ya triathloni mkoani Simiyu, yaani mchezo ambao mshiriki huogelea, kisha hupanda baiskeli, kisha hukimbia, bila kupumzika kati ya hatua moja na nyingine. Nakiri kwamba nilicheka. Niliwauliza ni Msukuma gani angeamka alfajiri kwenda kuogelea kwa hiari yake.

Fundi baiskeli ndiye aliyenijibu. "Dokta, baiskeli tunazo, miguu tunayo, na ziwa liko Busega. Tunachokosa ni mtu wa kutuandikia barua."

Jibu lile lilininyamazisha, kwa sababu lilikuwa la kweli. Baiskeli kwetu haikuanzia kwenye michezo. Imebeba pamba, maji, wagonjwa na maharusi. Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 na unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, umekwisha kuona watu wakijipanga kandokando ya barabara kushangilia mbio za baiskeli. Barabara ya lami ya Lamadi hadi Bariadi, yenye urefu wa takribani kilomita 72, inaunganisha ukingo wa ziwa na makao makuu ya mkoa. Ukiitazama ramani kwa macho ya vijana wale, unaona uwanja wa michezo ambao serikali imekwisha kuujenga pasipo kujua.

Niliwakumbusha, nao wakafurahi, kwamba mchezo wenyewe haukuanzia kwenye utajiri. Mwaka 1978, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aitwaye John Collins na wenzake waliunganisha mbio tatu zilizokuwapo tayari na kuzifanya shindano moja. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza walikuwa 12. Miaka 22 baadaye, triathloni ilichezwa katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney. Basi nikakubali kuwa mwandishi wa barua.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, na kwa utaratibu wake klabu hupaswa kusajiliwa. Hilo halina ubaya wowote. Ugumu ulikuwa kwamba mchezo wetu ulikuwa mtoto wa mama watatu: kuogelea kuna chama chake, baiskeli ina chama chake, na riadha ina chama chake. Kila tulipobisha hodi tulipokewa vizuri, tukapewa kiti, kisha tukaelekezwa kwa mama mwingine. Niliandika barua kumi na nne. Katika barua ya kumi na tano nilifanya kile ambacho kila mtu aliyelelewa katika ofisi zetu angekifanya: nilimwalika kiongozi awe mgeni rasmi wa kufungua mashindano. Tabibu wetu alipinga. Nilimjibu kwa kauli ya mtu mwenye shahada tatu kwamba bila mgeni rasmi hakuna atakayetuchukulia kwa uzito, na kwamba wadhamini hufuata viongozi. Vijana wakaheshimu elimu yangu. Nadhani ilikuwa afadhali wangeitilia shaka.

Sababu ya tabibu kupinga haikuwa ya kisiasa. Ilikuwa ni kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huu hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya binadamu akiwa ndani ya maji. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia penye magugu, na huwaachia vijidudu kwa wingi jua linapopanda, hasa kuelekea saa sita mchana. Ndiyo maana alikuwa amepanga kila kitu kwa uangalifu: waogeleaji waingie majini saa 12 na nusu asubuhi, wapelekwe kwa mitumbwi hadi mbali na matete, waogelee mita 500 tu, na wiki kadhaa baadaye wapimwe na kupewa dawa ya prazikwanteli, kwa kuwa dawa hiyo huua minyoo iliyokwisha kukomaa. Wavuvi wa kijiji walikubali kuleta mitumbwi yao kwa ajili ya uokoaji, nao ndio waliotuonyesha mahali ambapo kiboko hawana mazoea ya kupita. Mpango wote ulisimama juu ya nguzo moja, nayo ni saa.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi ya mwezi Juni, wakati pamba inavunwa. Washiriki 31 walikuwapo ufukweni tangu saa 11 alfajiri, wakiwemo wanawake wanne. Saa 12 na nusu ilifika, mgeni rasmi hajafika. Saa moja ikapita. Saa mbili ofisi moja ikapiga simu kwamba msafara uko njiani. Vijana waliokunywa uji saa kumi usiku wakaanza kuhisi njaa. Vipaza sauti vilipiga muziki. Mimi nilikuwa nimevaa suti, nikitembea kati ya hema la wageni na maji, nikisema "bado kidogo". Maneno hayo niliyasema mara nyingi kiasi kwamba watoto walianza kuyarudia nyuma yangu.

Mgeni alifika saa nne kasoro dakika kumi. Hotuba yake ilikuwa nzuri. Alizungumzia vijana, utalii na fursa. Alipomaliza ilikuwa saa nne na nusu, na jua lilikuwa kali. Tabibu alinijia taratibu akaniambia, "Dokta, watu hawa siwaruhusu kuingia majini." Nilimwomba alegeze msimamo. Nilimwambia mgeni amekuja kuona watu wakiogelea. Akanitazama, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mgeni ataondoka leo. Mimi nitabaki na mikojo yao."

Kuogelea kukafutwa. Watu waliotoka Maswa na Itilima kwa ajili ya mchezo wa hatua tatu wakacheza wa hatua mbili. Kumi wakarudi nyumbani kwa hasira. Kampuni iliyotuahidi fulana haikuleta fulana, wala haikupokea simu. Zawadi za washindi tulizilipa kutoka mifukoni mwetu. Usiku ule mama yangu aliniuliza ni nani aliyeshinda, nikagundua kwamba nilikumbuka jina la mgeni rasmi na cheo chake, lakini sikumkumbuka mshindi.

Wiki mbili baadaye tulikutana Bariadi chini ya mwembe, nyuma ya karakana ya fundi, tukiwa na nia ya kuvunja kamati. Alikuwapo pia mama mmoja wa makamo, muuza maziwa, aliyekuwa ameshiriki kwa baiskeli yake ya Phoenix yenye keria ya kubebea madumu, na akamaliza. Alisalimia, "Mwangaluka," akasikiliza mabishano yetu kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Ninyi wasomi, Wagika na Wagalu huwa wanamsubiri nani?"

Kwa msomaji asiye wa kwetu, Wagika na Wagalu ni makundi mawili makubwa ya ngoma ya Wasukuma, ambayo asili yake hutajwa kuwa waganga wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Kila mwaka baada ya mavuno makundi hayo hushindana. Wanacheza upande huu na upande ule kwa wakati mmoja, na hukumu hutolewa na umati wenyewe: watu wakihama upande wako, umeshindwa. Mashindano hayo yalikuwapo kabla ya uhuru. Yamepita katika ukoloni, Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa, vyama vingi na simu za mkononi. Hayakuwahi kufa kwa sababu kiongozi fulani amehamishwa.

Mimi mwenye shahada ya uzamivu nilikuwa nimetafuta mfano wa kuigwa huko Hawaii, kumbe ulikuwa ukipigiwa ngoma nyuma ya nyumba yetu. Nilijiuliza ngoma zile zinasimama juu ya nini. Jibu si la kimiujiza. Zina wanachama wanaojulikana kwa majina. Wanachama huchangia. Zina viongozi wao na kanuni zao. Msimu wake unafuata kalenda ya mkulima, si ratiba ya ofisi. Na mtazamaji anayo kazi ya kufanya, yaani kuamua. Heshima ya viongozi wa serikali inapokelewa inapokuja, lakini ngoma haianzi kwa sababu yao wala haikomi wasipokuja.

Kamati haikuvunjika. Tuliandika upya kanuni kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja. Kila mshiriki ni mwanachama na hulipa shilingi elfu mbili kwa msimu. Asiyekuwa nazo huleta debe la mahindi au siku moja ya kazi. Kuna daraja la baiskeli za kawaida, lenye zawadi sawa na la baiskeli za gia, na wanawake hupata zawadi sawa na wanaume. Bariadi na Maswa, ambako hakuna ziwa, watu hukimbia, hupanda baiskeli, kisha hukimbia tena. Busega peke yake ndiko wanakoogelea. Kanuni ya saba nilipewa niiandike kwa mkono wangu mwenyewe, nadhani kama adhabu: mashindano huanza saa iliyotangazwa, na mgeni yeyote mwenye heshima hukaribishwa mwishoni kutoa zawadi.

Niliogopa kwamba kanuni hiyo ingetufungia milango. Msimu uliofuata nilipeleka barua mpya nikieleza sababu ya kichocho kwa aya mbili. Ofisa aliyeipokea aliisoma yote, akacheka, akasema kwamba hata yeye huchoka kusubiri. Siku yenyewe alikuja na watoto wake saa 12 asubuhi, akakaa ufukweni kama watu wengine. Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wasidhani kwamba nawasema. Wengi wenu mmefungwa na utaratibu uleule uliotufunga sisi. Tofauti ni kwamba utaratibu huo hauna mwandishi ila sisi tunaouandika katika barua zetu, na mimi nilikuwa mmoja wa waandishi hao.

Nisikufiche, mashindano yetu bado ni dhaifu. Msimu wa pili Busega walishiriki watu 19, pungufu kuliko mwaka wa kwanza. Hatuna bima. Saa za kupimia muda tuliziazima shuleni. Mitumbwi ya uokoaji ilikuwa mitano, na tabibu alitaka minane, kwa hiyo tulipunguza umbali wa kuogelea kutoka mita 500 hadi 300 badala ya kubahatisha. Wapo wanaotucheka kwamba huo si mchezo wa kimataifa. Nchi yetu ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za Moscow mwaka 1980, kwa hiyo sidhani kwamba kuna mtu mwenye haki ya kuwacheka wanaoanza na mita 300.

Lakini kuna jambo moja linalonifanya nisichoke. Nilikuwa kidato cha pili tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Nilikuwa tayari nafundisha chuo kikuu tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikikaribia gati la Ukara. Mara zote mbili tuliomboleza mamia ya watu, na mara zote mbili tulizungumza sana kuhusu vyombo na idadi ya abiria, kama ilivyopasa. Tulizungumza kidogo mno kuhusu ukweli kwamba watu wanaoishi kandokando ya ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika hukua bila kufundishwa kuogelea. Walimu wetu wawili sasa huwafundisha watu wazima na vijana siku za Jumamosi asubuhi, katika bwawa dogo la kuogelea tuliloruhusiwa kulitumia. Kuogelea peke yake hakuokoi kila mtu meli inapopinduka. Hata hivyo, ni haki ya mtu kujua afanye nini anapojikuta majini.

Muuza maziwa ni miongoni mwa wanafunzi. Msimu huu amejiandikisha kwa hatua zote tatu. Nilipomuuliza kama haogopi, alisema anaogopa sana, kisha akaniuliza kwa nini mimi jina langu halimo. Nimekwisha kulipa elfu mbili zangu. Suti nimeiacha kabatini, na saa 12 na nusu asubuhi, Mungu akipenda, nitakuwa majini pamoja na wengine.