Maabara Isiyo na Chupa

Neno maabara, kwa wengi wetu tuliosoma skuli za visiwani, huleta picha ya chupa, mirija ya kioo na harufu kali ya spiriti. Kwa hiyo nilipoombwa, kama mtu wa lugha, niende kuwasaidia vijana wa maabara moja ya saikolojia ya afya, nilitaraji kukuta japo darubini. Nilikuta meza mbili, kompyuta, kabati lenye kufuli, na wanafunzi sita wanaobishana juu ya neno "huzuni."

Elimu yenyewe si kongwe. Mwaka 1977 daktari wa Kimarekani, George Engel, aliandika katika jarida la Science kwamba uganga unaotazama mwili peke yake una upungufu; maradhi yana mwili, yana nafsi, na yana watu waliomzunguka mgonjwa. Wazee wetu wasingeliona hilo kuwa jipya, walakini yeye alilisema mahali lilipohitaji kusemwa. Tangu hapo mwenye sukari au presha huulizwa si kipimo chake tu, bali pia analalaje na anawaza nini. Na anayeuliza aghalabu ni mwanafunzi. Vijana wa miaka ishirini na kitu hukaa kwenye benchi la kliniki, mkabala na watu wenye umri wa bibi zao, wakawasomea maswali tisa.

Maswali hayo ni ya hojaji iitwayo PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Kila swali lahusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla haizidi 27, na anayefikia 10 hudhaniwa kuwa na sonona inayostahili kutazamwa. Ni chombo kizuri: kifupi, hakilipiwi, na kimejaribiwa katika nchi nyingi, zikiwamo Kenya na Tanzania. Sina ugomvi nacho. Shaka yangu iko kwenye njia iliyopo baina ya karatasi na sikio.

Kanuni maarufu ya kutafsiri hojaji ni ile aliyoieleza Richard Brislin mwaka 1970: mmoja hulitia swali katika Kiswahili, mwengine asiyeliona la asili hulirejesha katika Kiingereza, kisha yakalinganishwa. Kanuni hii hunasa makosa mengi. Hainasi neno lililo sahihi ambalo halisemwi. "Sonona" hurudi Kiingerezani salama salmini, ilhali mzee wa shamba hajapata kulitamka maishani mwake. Yeye husema ana mawazo. Nawe ukimwuliza kama ana mawazo, atakujibu, "Kwani nani asiye nayo, mwanangu?" Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na ndilo linalotumika kwenye mabenchi ya urafiki aliyoyaanzisha Dakta Dixon Chibanda mjini Harare mwaka 2006, ambako bibi wa mtaa huketi na mgonjwa akamsikiliza. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kuwa walioketi na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Swali la pili lauliza kama mtu amekuwa akikosa raha au akikata tamaa. Mama mmoja alimkatiza mwanafunzi kabla hajamaliza: "Astaghfirullah! Muislamu hakati tamaa na rehema ya Mola wake." Akaandikiwa 0. Baadaye, bila ya kuulizwa, akasimulia kwamba tangu mumewe afariki hajafungua dirisha la chumba chao. Mabishano juu ya ile 0 yalichukua siku mbili. Haki, kwa maoni yangu, ilikuwa upande wa msichana aliyesema kwamba mama yule aliulizwa juu ya imani yake na watu waliodhani wanamwuliza juu ya moyo wake.

Swali la saba lataja shida ya kuzingatia jambo, mathalan kusoma gazeti. Kwa asiyesoma gazeti vijana walipendekeza kusahau hesabu ya rakaa, na sijaona pendekezo lililonifurahisha zaidi.

Kuna na tatizo la mwili, ambalo lugha peke yake hailitatui. Mwenye sukari huamka usiku mara tatu kwenda chooni, huchoka mchana, na hamu yake ya chakula hubadilika. Usingizi, uchovu na chakula ni maswali matatu katika yale tisa. Basi alama zake ni za sukari au za majonzi? Na ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, nani hulala na kula kama kawaida yake? Wanafunzi walisita mwezi mzima, ingawa mfadhili alikuwa na tarehe zake.

Zito kuliko yote ni la tisa: je, umewaza kwamba ni afadhali ungekufa, au umewaza kujidhuru? Mzee wa miaka themanini husema kwamba kila alfajiri humwomba Mungu amchukue kwa wema. Hiyo ni dua. Kijana akisema maneno hayo hayo huku akitazama sakafu, ni jambo jengine kabisa, na karatasi haina sehemu ya kuandika sakafu. Fauka ya hayo kuna hofu. Hapa kwetu mtu akitajiwa Kidongo Chekundu hudhani ameitwa mwendawazimu. Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipotamka, Januari 2025, kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Nani atasema kweli mbele ya mgeni mwenye kalamu?

Kwa hiyo vijana waliweka sharti lao: hakuna swali la kwanza asubuhi kabla ya kujulikana kwa jina muuguzi atakayempokea yule atakayejibu la tisa kwa "ndiyo." Siku muuguzi hayupo, hojaji hubaki kabatini. Anayelijibu hivyo hasindikizwi kwa kipande cha anwani. Mwanafunzi huinuka naye wakaenda pamoja. Na jioni mwanafunzi huyo naye huulizwa hali, kwani wapo waliorudi nyumbani wasiweze kula.

Kompyuta hupokea 0, 1, 2 au 3 tu. Mwishoni mwa jedwali wameongeza safu moja, wakaiita "maneno yake," na humo limo lile dirisha. Mfadhili amekwisha kuandika kuuliza safu hiyo ni ya nini.