Harufu ya Boila

Mteja mmoja, muuza pafyumu wa Nairobi, aliniomba maneno 150 kuhusu Bvlgari Black. Maagizo yalikuwa mafupi: ni yuniseksi, ni kali, usilete mambo ya maua. Nikamwambia sawa, lakini sehemu ya malipo iwe mililita 5 za kitu chenyewe. Nimechoka kusifia harufu nisizozijua.

Pafyumu hii ilitoka 1998, na aliyeitunga ni Mfaransa, Annick Menardo. Mwaka wa 1992 Bvlgari walikuwa wametoa ile ya chai ya kijani, kazi ya Jean-Claude Ellena, nyepesi kama shuka zilizoanikwa. Menardo akaenda upande mwingine kabisa: chai nyeusi yenye moshi, mpira, ngozi, na vanila chini. Hata chupa imevikwa mpira mweusi kama gurudumu. Ukijipulizia, dakika za kwanza ni matatu iliyofunga breki ghafla kwenye mteremko. Maze, nilitaka kuinawa. Subiri nusu saa, mpira unalegea, chai inabaki, vanila inaingia polepole.

Chai inayokusudiwa ni lapsang souchong ya Fujian, Uchina. Kule majani hukaushwa kwa moto wa msonobari, na moshi unaingia ndani ya jani. Kwetu Bomet sivyo. Majani hunyaushwa saa nyingi, hukatwakatwa na mashine, huachwa yachachuke hadi yatoke kijani yawe rangi ya shaba, ndipo yakaushwe kwa hewa moto. Ukipita karibu na kiwanda usiku unasikia nyasi, tofaa, na kitu kama waridi. Si mawazo yangu: chai ina linaloli na geranioli, zilezile ambazo watunga manukato huzitumia kujenga lavenda na waridi. Lakini moshi hauigusi. Kuni za mkaratusi zinawaka kwenye boila, mvuke unapasha hewa, moshi unapanda dohani. Chai inatoka safi. Anayefukizwa ni mtu wa boila.

Baba yangu alikuwa mtu wa boila. Alikuwa na koti la bluu ambalo mama hakuruhusu lilale ndani ya nyumba, likawa linaning'inia kwenye msumari wa veranda, na ukiingia kwetu gizani ulilijua kwa pua. Alipofariki, koti lilifuliwa na kupewa binamu yake ndani ya wiki moja. Picha zake tunazo. Harufu hatukuweka.

Hii yuniseksi nayo, mjini tunaichukulia kama uvumbuzi. Pwani wanaume kwa wanawake wanajifukiza udi tangu zamani. Kwetu kibuyu cha mursik husuguliwa kwa mkaa wa senetwet, kila mtu anakunywa, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kama moshi huo ni wa kike au wa kiume. Rafu za supamaketi ndizo zilizotutenga: waridi kule, mbao huku.

Nayo kazi yenyewe? Mteja alisema maelezo yangu yanahuzunisha, hayauzi. Nikamwandikia mengine yenye neno "ujasiri" mara tatu. Akalipa siku hiyo hiyo.

Desemba nilienda nyumbani nikiwa nimejipaka. Mama alinishika mkono kunisalimia, akauvuta karibu na uso wake. Akaniuliza kwa Kipsigis nimepitia kiwandani kutafuta nini.

"Ni pafyumu, mama."

"Watu wananunua hii?"

Nikamtajia bei ya chupa nzima siku hizi, kwa vile kampuni iliacha kuitengeneza. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanyamaza, akanyoosha kiganja. Nilimwekea matone mawili. Hakujipaka, alikifunga kiganja tu, akaendelea kuniuliza habari za Nairobi.

Asubuhi kichupa hakikuwa mezani nilipokiacha. Sikuuliza.