Nilivyopasua sakafu ya binamu kwa programu

Najua nimekuwa kimya hapa bloguni. Nilikuwa Ujerumani kwa binamu yangu anayejenga nyumba karibu na Leipzig, na leo naja kuungama.

Huko nyumba nyingi mpya hupashwa joto kutoka sakafuni. Mabomba ya maji hulazwa chini, kisha hufunikwa kwa saruji na mchanga, lile tabaka mafundi wetu huita skridi. Kaka akaniambia, "Wewe ndiwe mtu wa kompyuta, niandikie programu ya kuendesha joto." Nikaiandika usiku mmoja. Siku ya 10 baada ya sakafu kumwagwa, nikapandisha maji hadi nyuzi 45 kwa mkupuo mmoja.

Asubuhi tukakuta nyufa tatu, moja ndefu kama mita 3. Kaka hakunigombeza. Aliketi juu ya ndoo akaziangalia tu. Ile ni akiba yake ya miaka.

Ndipo nikasoma kanuni, kazi ambayo ningeifanya mwanzo. Skridi ya saruji hungojewa angalau siku 21. Halafu maji huwekwa nyuzi 25 kwa siku 3, ndipo yapandishwe hadi kiwango cha juu cha mtambo, yakae siku 4. Saruji changa husinyaa ikipoteza maji. Ukiikausha haraka kabla haijapata nguvu, inapasuka.

Tulizima joto, tukangoja, tukaanza upya kwa ratiba sahihi. Sakafu ilipopoa, fundi alipanua nyufa kwa grenda, akakata mifereji ya kukingama kila sentimita 20 hivi, picha za mabomba zikiwa mkononi asije akayatoboa. Tukafyonza vumbi, tukalaza vipande vya chuma ndani ya mifereji, tukamimina gundi ya kuchanganya sehemu mbili, tukanyunyiza mchanga mkavu ili gundi ya vigae ipate pa kushika. Mwanya wa mlangoni hatukuuziba; huo umeachwa makusudi sakafu ipate kutanuka.

Programu ikiharibika, narudisha toleo la jana. Saruji haina toleo la jana. Sasa nimeongeza mstari mmoja: siku zikiwa chini ya 21, kataa kuwasha.

Vigae vimeshawekwa. Lakini kaka akinipigia simu, kabla ya salamu huuliza, "Siku ngapi?"

Haya, tukutane tena.